SOMO LA AFYA: MIMBA, HOMONI NA KANSA YA NGOZI

Ndugu Makatibu, mnaombwa kulisoma somo hili mbele ya wanachama wote. Wanaume nao wasikilize, maana nauli ya kwenda hospitali mara nyingi imo mikononi mwao.

Mwanamke apatapo mimba, homoni, yaani vichocheo vinavyosafiri katika damu, huongezeka sana mwilini. Baadhi yake huziamsha chembe zinazoipa ngozi rangi. Ndiyo sababu chuchu hukolea weusi, mstari hujichora tumboni, na uso hupata mabaka. Huo si ugonjwa.

Lakini katika chembe hizo hizo za rangi huzuka kansa iitwayo melanoma. (Kansa za ngozi zinazowapata ndugu zetu wenye ualbino ni somo jingine, kwani hizo asili yake kubwa ni jua.) Katika miaka ya 1950 madaktari wengi waliamini kuwa mimba huizidisha melanoma. Uchunguzi wa baadaye uliwalinganisha wajawazito na wanawake wasio na mimba waliougua kwa kiwango kile kile. Kwa sehemu kubwa haukuonyesha kuwa mimba yenyewe hufupisha maisha ya mgonjwa, ingawa ubishi haujakwisha. Vidonge vya kuzuia mimba navyo, kwa jumla, havijaonekana kuleta melanoma.

Kwa maoni yetu, hatari kubwa imo katika kuchelewa. Ngozi ikishabadilika kila mahali, doa baya hupita likidhaniwa kuwa la mimba. Doa la tumboni au la titi laweza kupanuka kwa kuwa ngozi inavutika. Lakini unyayo hauvutiki hivyo. Na kwa watu weusi melanoma huonekana zaidi unyayoni, kiganjani na chini ya ukucha, mahali ambapo mkulima husema, "Nilichomwa na mwiba." Doa linalokua, lenye rangi mchanganyiko au kingo zisizo sawa, linalotoa damu, au kidonda kisichopona, lionyeshwe kwa daktari mapema, bila kungoja kujifungua.

Doa huweza kukatwa kwa sindano ya ganzi ya mahali hapo tu, pasipo kumdhuru mtoto, kisha likapimwa maabara. Ikiwa ni melanoma iliyokwisha kusambaa, mkunga aelezwe kabla ya siku ya uchungu. Kwa nadra sana kansa hiyo hufika kwenye kondo la nyuma, nalo hupaswa kupimwa badala ya kuzikwa mara moja.