Wakili Aliyepita Mpaka: Khabari ya Ahmad Karamanli na Wamarekani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika mlango wa wakala wanafunzi husoma ya kuwa wakili hana ruhusa kupita mpaka aliowekewa na mwenye kumtuma; na akiupita, tendo lake halimlazimu aliyemtuma. Wengi hudhani mas'ala haya ni ya sokoni tu, ya kuuza shamba na kununua jahazi. Lakini yamo pia katika vita na suluhu za wafalme, na asiyeyaangalia huweza kupoteza mji na jamaa zake. Ushahidi wake ni khabari ya Ahmad Karamanli na Jamhuri ya Marekani.

Wamarekani walipigana na Waingereza waliokuwa wakiwatawala, na uhuru wao ukakubaliwa kwa mkataba wa mwaka 1783. Tangu hapo merikebu zao za biashara hazikuwa tena chini ya himaya ya Waingereza, wala serikali yao changa haikuwa na nguvu baharini. Manowari yao ya mwisho waliiuza mwaka 1785. Na katika Bahari ya Kati, watawala wa Aljazair, Tunis na Tarabulus, mji ambao Wazungu huuita Tripoli, walikuwa wakizikamata merikebu za mataifa yasiyopatana nao, na mabaharia wakazuiwa mpaka wakombolewe. Mwaka 1785 watu wa Aljazair walikamata merikebu mbili za Marekani, na mwaka 1793 wakakamata kumi na moja.

Wamarekani wakafanya mambo mawili pamoja: mwaka 1794 waliamrisha kuundwa manowari sita, na huku wakilipa mali ili wapate amani. Walipatana na Aljazair mwaka 1795, kisha na Tarabulus mwaka 1796. Mkataba wa Tarabulus, katika nakala yake ya Kiingereza, ulieleza ya kuwa serikali ya Marekani haikujengwa juu ya dini ya Kikristo, wala haina uadui na dini ya Waislamu. Ulieleza pia kuwa mali iliyotolewa imetosha, na kwamba hapatadaiwa ada ya kila mwaka.

Mtawala wa Tarabulus wakati huo alikuwa Yusuf Karamanli. Huyu alimwua ndugu yake mkubwa, Hasan, mwaka 1790, na mwaka 1795 akamwondoa kitini ndugu yake wa pili, Ahmad, akashika utawala yeye. Mke wa Ahmad na watoto wake wakabaki mikononi mwa Yusuf. Yusuf alipoona Aljazair imepata zaidi kuliko yeye, alidai mali nyingine juu ya ile iliyokwisha kupatanwa. Aliponyimwa, mwezi wa Mei 1801 aliamrisha mlingoti wa bendera ya Marekani ukatwe, na hiyo ndiyo ilikuwa alama ya vita. Basi wa kwanza kuvunja ahadi hakuwa mgeni.

Rais Thomas Jefferson akapeleka manowari. Vita vikaenda miaka minne. Mwezi wa Oktoba 1803 manowari iitwayo Philadelphia ilipanda mwamba karibu na Tarabulus, na watu wake zaidi ya 300 wakatekwa. Hapo ndipo ilipopata nguvu shauri ya William Eaton, aliyekuwa balozi wa Marekani huko Tunis: kwamba Ahmad arudishwe kitini kwa msaada wa Marekani, na Yusuf aondolewe.

Eaton alimkuta Ahmad katika nchi ya Misri, mkimbizi kati ya Mamluki. Mwezi wa Februari 1805 (1219 Hijri) waliandikiana mkataba, na Eaton akaahidi kwa jina la serikali yake kuwa Marekani itafanya kila juhudi kumrudishia Ahmad utawala wake. Mwezi wa Machi walitoka upande wa Iskandaria, watu wapatao 400: Waarabu wengi, Wayunani kadhaa, na Wamarekani wapatao kumi. Walikata jangwa maili 500, kwa njaa na kiu na magomvi ya ujira wa ngamia. Tarehe 27 Aprili waliuteka mji wa Darna, manowari tatu za Marekani zikiwasaidia kwa mizinga, na baadhi ya watu wa mji wakampokea Ahmad.

Lakini huko Tarabulus mjumbe mwingine wa Marekani, Tobias Lear, alikuwa akizungumza na Yusuf. Mwezi wa Juni 1805 walisuluhishana: mateka waachiliwe, Yusuf alipwe dola 60,000, na Wamarekani watoke Darna. Kuhusu mke wa Ahmad na watoto wake, mkataba ulisema watarudishwa kwake. Lakini kwa sharti la siri Yusuf aliruhusiwa kuwazuia miaka minne. Siri hiyo ilifichuka mwaka 1807, ndipo wakaachiliwa.

Amri ilipofika Darna, Eaton aliwapanga askari kana kwamba wanakwenda kushambulia. Kumbe usiku ule yeye na watu wake, pamoja na Ahmad na wachache wake, walikuwa wakipanda merikebuni. Watu wa mji walipotambua, walikimbilia pwani wakipiga kelele, na mashua zimekwisha ondoka. Ahmad akapelekwa Syracuse katika Sisilia, na mwaka 1806 baraza la Marekani likampa dola 2,400.

Rais Jefferson alilieleza baraza lake ya kuwa serikali haikukusudia kujifunga kumrudisha Ahmad kitini, na kwamba Eaton alipita mpaka wa amri yake. Kwa kipimo cha wakala, neno hilo lina njia. Ila haliwatakasi. Mwenye kumtuma wakili akayajua matendo yake, akampa fedha na manowari, kisha akafanya suluhu huku mji uliotekwa ungali mikononi mwa watu wake, huyo amekula tunda la ahadi na kuukana mti. Hata Wamarekani wenyewe, baadhi yao barazani, walikilaumu kitendo hicho.

Na Ahmad naye ana sehemu yake. Hakuuliza: huyu aniahidiye, amepewa ruhusa ya kuahidi? Alipokea neno la mjumbe kama neno la mtumaji, na mbele yake wakasimama watu wa Darna, waliolipa gharama bila ya kuandika mkataba wowote.

Basi na ajue kila mwenye haki anayotaka kuidai: kwanza amjue wakili, na mpaka wake, na nani atakayedhamini neno lake. Na aliyeshika mkataba autimize, awe amepatana na Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu. Amri ya kutimiza mapatano imo mwanzoni mwa Suratul-Maida. Na ndugu wasifikishe ugomvi wao mahali ambapo mgeni atakuwa mwamuzi, kwani mgeni huamua kwa maslaha yake. Yusuf mwenyewe, aliyewatenda hayo nduguze, alifikia uzee akiwaona jamaa zake wakiasi, akaacha utawala mwaka 1832. Na mwaka 1835 Waturuki wakaishika Tarabulus, na nyumba ya Karamanli ikaisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watimizaji wa ahadi, na atuepushe na fitina baina ya ndugu. Amin.