Kumsaidia mgonjwa afe: tusiishie kusema haramu

Uholanzi iliruhusu kwa sheria mwaka 2002 daktari amsaidie mgonjwa kufa. Juni 20, 2025 wabunge wa Uingereza nao waliunga mkono muswada wa aina hiyo, kura 314 dhidi ya 291. Kwa Muislamu hukumu iko wazi. Surat An-Nisaa, aya ya 29, inakataza kujiua, na Mtume (SAW) alisimulia habari za mtu aliyeshindwa kuvumilia jeraha, akajikata mkono akafa, naye akaharamishiwa Pepo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania pia inalifanya kosa kubwa kumsaidia mtu kujiua.

Lakini ndugu Waislamu, tukiishia hapo, mzee mwenye saratani kule Mtae au Mlalo tumemfanyia nini? Ateremshwe Lushoto, kisha Mombo, ndipo aanze safari ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wengi hawafiki. Subira tunamhubiria sisi tusioumwa!

Maumivu yale yana dawa: mofini ya maji, ya kunywa. Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika tangu 2004. Wapo wanaoiogopa wakisema ni kilevi. Dharura ina hukumu yake, na dawa iliyopimwa na daktari ili kutuliza maumivu haikukusudiwa kuua.

Sanda tunaichangia siku ile ile ya msiba. Ijumaa hii imamu aulize: nani mtaani kwetu anaumwa saratani, na nani atatoa nauli ya kumfuatia dawa?