Upatanisho wa Kisarufi na Ushiriki wa Jamii katika Nyaraka za Programu Huria

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kurahisisha ushiriki wa jamii katika uandishi wa nyaraka za programu huria, yaani programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadili na kuzisambaza. Inadaiwa hapa kuwa kikwazo kikubwa kwa mchangiaji wa Kiswahili si uchache wa maarifa ya kompyuta, bali ni kupewa sentensi zilizotengwa na muktadha wake.

2.0 Usuli

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mradi wa GNU ulikuwa umetoa leseni ya nyaraka inayompa msomaji haki ya kuzirekebisha. Hata hivyo, kupewa haki ni jambo moja na kuweza kuitumia ni jambo jingine.

3.0 Tatizo la upatanisho

Kwa kawaida matini ya programu hukatwa vipande, na jina la kitu hujazwa baadaye na kompyuta. Kwa Kiingereza, ujumbe wa kufuta unaweza kutumia umbo moja la kitenzi kwa nomino nyingi. Kiswahili hudai upatanisho: faili limefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa. Mchangiaji asiyeonyeshwa nomino hulazimika kubahatisha. Isitoshe, wapo wasemao faili hili na wapo wasemao faili hii. Pasipo uamuzi wa pamoja, kila mchangiaji humsahihisha mwenzake na kazi haisongi mbele.

4.0 Mchangiaji wa Ivuna

Ivuna iko wilayani Momba, mkoani Songwe, ambako Kiswahili hukutana na lugha kama Kinyamwanga na Kiwanda. Utafiti wa kiakiolojia wa Fagan na Yellen, uliochapishwa mwaka 1968, ulihusu utengenezaji wa chumvi wa kale mahali hapo. Kazi ya namna hiyo, ambayo maji ya chumvi huchujwa kisha huchemshwa, hufundishwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina matokeo yanayoonekana. Mwongozo wa programu nao umejengwa hivyo hivyo. Tuchukulie kwamba mwalimu wa Ivuna amebaini hatua iliyorukwa katika mwongozo. Akitakiwa kwanza ajifunze zana za waandaaji wa programu, tena kwa Kiingereza, ataacha, na kosa litabaki kwa wasomaji wote watakaomfuata.

5.0 Mapendekezo

(a) Kila sentensi iambatane na nomino inayohusika na picha ya skrini.
(b) Orodha fupi ya istilahi ionyeshe ngeli ya kila neno.
(c) Waandaaji waepuke vitenzi vinavyotegemea nomino isiyojulikana. "Ufutaji umekamilika" hufaa kwa ngeli zote.
(d) Marekebisho ya sentensi moja yapokelewe kwa Kiswahili cha kawaida, na fundi ayaingize.
(e) Mhariri aeleze sababu ya kukubali au kukataa, na mchangiaji atambuliwe kwa jina.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa uwazi wa programu haukamiliki kwa leseni pekee. Sarufi ya Kiswahili haina budi kuzingatiwa tangu programu inapoundwa, kwani ikiachwa hadi wakati wa kutafsiri, mzigo wake humwangukia mchangiaji asiye na uwezo wa kuutua.