Kompyuta Izimikayo na Kadi ya Picha

Katika duka la uchapaji huko Ukonga, kwenye njia iendayo Pugu, kompyuta ya mezani yaweza kuchapa barua kutwa nzima pasipo taabu, kisha ikazimika mara tu picha za harusi zinapoanza kutengenezwa. Tofauti hiyo ni dalili kubwa. Barua haiichoshi kadi ya picha. Kazi ya picha huichosha, nayo hula umeme mwingi na kutoa joto.

Joto lichunguzwe kwanza. Vumbi la barabarani huziba mapezi ya kadi na kuilemea feni, na hewa ya Dar es Salaam ni ya moto tangu mwanzo. Mashine ichomolewe ukutani, kisha vumbi lipulizwe huku feni ikishikwa isizunguke.

Ikizimika hata baada ya kusafishwa, mashaka yahamie kwenye pawa saplai. Tundu la kadi hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa hupata umeme uliobaki kwa nyaya za pawa saplai, ambayo ikichakaa hukata ghafla.

Ndipo kadi ichomolewe, na skrini iunganishwe kwenye tundu la picha la ubao mkuu, kama lipo. Mashine ikizidi kuzimika, kadi haina hatia. Jaribio hili lifanywe kabla ya kununua mpya. Ikitulia, kadi bado haijahukumiwa, kwa kuwa mzigo wa umeme nao umepungua. Ijaribiwe katika mashine nyingine iliyo nzima, kwa picha zile zile. Ikiizimisha na hiyo, ibadilishwe.