Kiharusi: Mwacheni Mgonjwa Ashike Mwenyewe

Mvuvi wa Ikola aliyepooza upande wa kulia akitoka hospitali, nyumba nzima humhurumia. Mke anamlisha, kijana anamvisha shati, binti anasema, "Baba, tulia, usijisumbue." Wiki zinapita, vidole vinakakamaa, bega linauma. Huruma ya namna hii, tuseme wazi, humchelewesha mgonjwa.

Mtaalamu wa tiba kazi huanza kwa kumuuliza mgonjwa siku yake huwa inaendaje. Mvuvi atataja nyavu, mama atataja dagaa na uji wa asubuhi. Tiba inaanzia hapo, kwa sababu ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia, na mtu hachoki upesi kurudia jambo analolijali.

Chukueni wavu uliochanika. Unafungwa ukingoni mwa meza, mgonjwa ameketi, nyayo zimekanyaga sakafu. Mkono mzima unashika sindano. Ule dhaifu unalazwa juu ya wavu kuuzuia usiteleze. Mwanzoni hiyo yatosha. Baadaye vidole hujaribu kubana uzi, kisha kukaza fundo. Akichoka apumzike: uchovu wa kiharusi ni mzito kuliko unavyoonekana, wala si uvivu.

Shati nalo ni zoezi. Mkono dhaifu huingia kwanza na hutoka mwisho. Msimwinue kwa kuuvuta mkono huo, bega litateguka. Wakati wa kula, wekeni kitambaa kibichi chini ya bakuli lisihame. Akiacha ugali wa upande mmoja wa sahani, huenda hajashiba. Ubongo umeusahau upande ule. Mkumbusheni kugeuza kichwa autazame. Akipaliwa kila anapokunywa, msimlazimishe, mrudisheni kituoni. Moto wa mafiga na mtumbwi visubiri hadi mtaalamu aridhike.

Fani ya tiba kazi inafundishwa KCMC, Moshi, lakini wataalamu bado ni wachache, na kutoka Ikola hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Mpanda, ni zaidi ya kilomita 100. Basi kabla ya ruhusa, ndugu atakayemuuguza nyumbani akae kando ya kitanda, aone, aulize, ajaribu kumvisha na kumketisha mbele ya mtaalamu. Kwa maoni yetu, nusu saa hiyo ina faida kuliko karatasi ya maelekezo.

Dawa za presha ziendelee hata kichwa kisipouma. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Hai kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kiharusi, nacho hurudi. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, nendeni kituo cha afya saa hiyohiyo, usiku usiwazuie. Kumbukeni pia mara ya mwisho alipoonekana mzima ilikuwa saa ngapi, daktari ataiuliza.