NENO "NICE": LIMETOKA WAPI NA LINA MAANA GANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyetuneemesha kwa akili na ulimi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika insha zenu za Kiingereza hakuna kivumishi kinachotumika kama "nice". Chakula "nice", mwalimu "nice", safari "nice". Leo tulichambue neno hili, kisha tuone faida yake kwetu sisi tunaosoma Qur'ani Tukufu.

1. Asili yake

Neno hili chimbuko lake ni Kilatini, "nescius". Limeundwa kwa sehemu mbili: "ne", ambayo ni ya kukanusha, na "scire", yaani kujua. Basi "nescius" ni asiyejua, jahili. Kutoka huko likaingia katika Kifaransa cha kale likiwa "nice", kwa maana ya mjinga. Waingereza wakalipokea kwa Wafaransa kwenye mwaka 1300 hivi, kwa maana hiyo hiyo.

La ajabu ni kwamba "scire" hiyo hiyo ndiyo iliyozaa neno "science", yaani sayansi. Kwa hiyo "nice" na "science" ni ndugu: mmoja ni wa kujua, mwengine ni wa kutojua!

Tanbihi: Mji wa Nice ulioko Ufaransa haumo katika ukoo huu. Jina lake limetokana na Kigiriki.

2. Safari ya maana zake

(a) Kwanza: mjinga, mpumbavu.
(b) Kufikia karne ya 15: mtu mwenye kuchaguachagua, asiyeridhika upesi, pia kitu laini.
(c) Karne ya 16: -enye umakini, -a kupambanua kwa uangalifu. Maana hii haijafa. Ukisoma "a nice distinction", usiseme ni "tofauti nzuri". Ni tofauti ndogo sana inayohitaji jicho kali.
(d) Nusu ya pili ya karne ya 18: -a kupendeza, -zuri. Katika karne ya 19 ikazidi maana ya mtu mwema, mpole.

Hata Waingereza wenyewe walichoshwa nalo. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya mtunzi kufariki mwaka huo huo, kijana Henry Tilney anamtania Catherine Morland kwa kulitumia neno hili ovyo.

Neno "silly" lilikwenda njia ya kinyume. Zamani lilikuwa na maana ya mwenye heri, aliyebarikiwa. Leo ni mpumbavu!

3. Faida kwetu

Maneno yanahama. Anayesoma maandishi ya zamani kwa maana za leo hupotea, na hatari hii ni kubwa zaidi katika kufasiri Qur'ani. Tutazame mifano miwili.

Katika Suratu Yusuf, aya ya 10 na ya 19, limo neno "sayyara". Katika Kiarabu cha leo sayyara ni motokaa. Je, Nabii Yusuf (A.S.) aliokotwa kisimani na watu wa motokaa? Hasha! Hapo ni msafara, watu waliomo njiani.

Katika Suratul Ankabut, aya ya 64, nyumba ya Akhera imeelezwa kwa neno "hayawan". Mswahili akisikia hayawani hufikiri mnyama. Lakini hapo maana yake ni uhai, maisha ya kweli yasiyo na mwisho. Tazameni neno moja linavyoweza kumtumbukiza mtu shimoni! Ndiyo maana hatufasiri kwa kubahatisha. Tunarejea kwa masheikh na vitabu vya tafsiri.

4. Matumizi katika insha

"Nice" si kosa, lakini likizidi huonyesha uvivu. Sisi katika Kiswahili hatusemi "-zuri" kwa kila kitu: chakula ni kitamu, mtu ni mwema, hewa ni safi. Fanyeni vivyo hivyo katika Kiingereza. Chakula kiwe "delicious", mtu awe "kind", mandhari iwe "beautiful".

Zoezi

1. "Nice" na "science" zina undugu gani?
2. Andika sentensi tano za Kiingereza zenye "nice", kisha uliondoe na kuweka neno linalofaa zaidi.
3. Tafuta neno moja la Kiswahili lililotoka Kiarabu na kubadilika maana. Mwulize ustadh wako kabla ya kuandika jibu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi Tawfiq.