Afya ya Mzee Hulindwa Kabla ya Ugonjwa

Katika vijiji vya Kata ya Narung'ombe, wilayani Ruangwa, kama ilivyo kwa majirani zao wa Nachingwea, mwaka huhesabiwa kwa mazao. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho hukamilisha hesabu kuanzia mwezi wa Oktoba. Fedha huingia nyumbani kwa misimu. Shinikizo la damu, kisukari na udhaifu wa macho, kwa upande wao, havina msimu. Pengo hilo kati ya fedha zinazokuja mara chache na maradhi yanayokaa mwaka mzima ndilo linalotufanya tuandike somo hili.

Tunamwandikia mzee mwenyewe, pamoja na mwana, mkwe au mjukuu anayemtunza. Tunamwandikia pia kama mlaji, yaani mnunuzi wa bidhaa na huduma. Kwa kuwa anayenunua dawa, miwani au matibabu ana haki zake, na ana wajibu wa kuchagua kwa hadhari.

Mzee ni nani, na anastahili nini?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo inaelekeza kwamba mzee wa umri huo asiye na uwezo apatiwe matibabu katika vituo vya umma bila malipo. Ili haki hiyo isimpite, mzee hana budi kutambuliwa mapema. Afike kwa mtendaji wa kijiji, aandikishwe, na aulize utaratibu wa kitambulisho cha matibabu. Aulize pia habari za bima, maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Shughuli hizi zifanywe wakati mzee ana nguvu za kutembea. Kutafuta karatasi huku mgonjwa amelazwa ni kuchelewa.

Kupima kabla ya kuugua

Shinikizo la juu la damu aghalabu halina dalili. Mtu hulima, hucheka na hulala vizuri, kumbe mishipa yake inadhoofika mwaka hadi mwaka, mpaka siku apatwe na kiharusi, au moyo na figo zishindwe kazi. Hakuna njia ya kulijua isipokuwa kulipima. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, mhusika anahitaji uangalizi wa mtaalamu. Kwa hiyo kila mzee anayefika zahanati, hata kama amemsindikiza mjukuu, aombe kupimwa. Aulizie na kipimo cha sukari, hasa ikiwa anakojoa mara nyingi usiku, ana kiu isiyoisha, au kidonda chake kinachelewa kupona.

Matokeo yaandikwe katika daftari moja, pamoja na tarehe na majina ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba. Daftari hilo liende naye kila atakapotibiwa, iwe kijijini, katika hospitali ya wilaya, au Nyangao na Ndanda. Tabibu mgeni akiliona, hatampa dawa inayogongana na nyingine.

Dawa haikatizwi kwa sababu ya nafuu

Tuchukue mfano. Mzee ameanzishiwa vidonge vya shinikizo la damu mwezi wa Novemba, korosho zilipolipwa. Ifikapo Machi kichwa hakimuumi tena, na fedha zimepungua. Anajiambia, "Nimepona," anaacha. Jirani yake anapolalamika kizunguzungu, anampa vidonge vilivyobaki.

Hapa kuna makosa mawili. Kwanza, nafuu ile ilitokana na dawa. Ikiachwa, shinikizo hurudi kimyakimya. Pili, kizunguzungu cha jirani huenda kinatokana na shinikizo la chini, upungufu wa damu au sukari kushuka, na kidonge kile kikamdhuru. Dawa ya mtu hupimiwa mwili wake.

Hata hivyo hatuwezi kumlaumu mzee huyu bila kulitazama tatizo la fedha. Ushauri wetu ni kutenga fungu la dawa siku ileile mazao yanapolipwa. Anayemeza kidonge kimoja kila siku atahitaji takriban vidonge 210 kuanzia Desemba hadi mwisho wa Juni. Aulize bei, apige hesabu, kisha aweke fedha hizo pembeni, iwe kwenye simu, katika kikundi cha kuweka na kukopa, au kwa mtu anayemwamini. Zinazotengwa ni fedha, si shehena ya vidonge; kwa sababu dawa huharibika kwa joto na kuisha muda wake, na tabibu anaweza kubadili kipimo. Endapo fedha zitaisha, arudi zahanati na kusema ukweli. Mara nyingi ipo dawa nyingine ya bei nafuu yenye kazi ileile, na kuomba msaada si aibu.

Mnunuzi makini

Msimu wa mauzo huleta wafanyabiashara wa kila namna. Mnadani na vituoni husikika vipaza sauti vikinadi chupa moja inayodaiwa kutibu presha, kisukari, miguu na nguvu za kiume kwa pamoja. Dai la namna hiyo litoshe kukutahadharisha, kwa kuwa maradhi hayo yana vyanzo tofauti. Anayekuambia uache dawa za hospitali ili yake ifanye kazi anakuweka hatarini, na ikikudhuru huenda usimwone tena.

Nunua dawa katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa mahali pa kuonekana. Maduka haya, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa kwa ajili ya maeneo yasiyo na famasi, na muuzaji wake hupewa mafunzo. Kabla ya kulipa, soma jina la dawa na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kama macho hayaoni, mwombe mjukuu asome. Kataa vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti. Dai risiti, kwani ndiyo shahidi wako ikibidi kulalamika. Dawa unayoitilia shaka itolewe taarifa zahanati au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Hatusemi kwamba tiba asili haina nafasi. Sheria ya mwaka 2002 inaitambua, na lipo baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muulize mganga usajili wake, na umjulishe tabibu unachotumia.

Mezani na shambani

Chakula kinachomfaa mzee hakiko mbali. Mbaazi, kunde na choroko hujenga mwili. Kisamvu, mlenda na matunda hulinda afya. Ufuta na korosho zisizotiwa chumvi ni mafuta mema kwa kiasi. Kinachohitaji kupunguzwa ni chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na ile iliyomo katika samaki wakavu. Samaki hao waloweshwe, na maji yake yamwagwe. Tumbaku iachwe kabisa. Uraka na pombe nyingine hupandisha shinikizo na kuongeza hatari ya kuanguka.

Mwili wa mzee hauhisi kiu upesi kama zamani. Kwa hiyo katika joto la Oktoba na Novemba anywe maji safi mara kwa mara bila kungoja kiu, isipokuwa kama tabibu amemwekea kipimo. Atembee nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho akae mbali na upande vumbi linakoelekea, hasa akiwa na pumu. Kunywa maziwa baadaye hakuliondoi vumbi lililokwisha kuingia kifuani.

Macho na miguu

Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Hakuna tone la dawa, asali wala utomvu unaouondoa, na vitu hivyo vinaweza kulipofusha jicho. Miwani nayo isinunuliwe kwa kujaribu tu sokoni. Ukungu ule huenda si wa miwani. Anayeona vizuri huanguka mara chache, na kuanguka uzeeni huvunja nyonga na kumlaza mtu miezi. Njia ya kwenda msalani isafishwe, taa iwe karibu na kitanda, na mzee aketi kidogo kabla ya kusimama.

Dalili zisizongoja asubuhi

Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea ghafla, maneno yakikwama au kuvurugika, hicho ni kiharusi mpaka tabibu aseme vingine. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asipewe chakula wala kinywaji, maana vinaweza kumpalia, na familia isipoteze muda kumtafuta aliyemroga. Ni vema kujua mapema nani mwenye pikipiki au gari, na namba yake ya simu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya kupima na kumeza kidonge ni ufa. Kiharusi ni ukuta ambao familia nzima huujenga kwa miaka.

Maswali ya kujipima

1. Mzee wa nyumbani kwenu alipimwa shinikizo la damu lini, na kipimo kilisomaje?
2. Ni kwa nini tunashauri kutenga fedha za dawa badala ya kununua vidonge vya miezi mingi?
3. Taja mambo matatu ya kukagua kabla ya kulipia dawa.
4. Kiharusi kikitokea usiku wa leo, mtamwita nani wa kumsafirisha mgonjwa?